Tangi Nililoliziba kwa Nta

Gari lenye njaa hupiga chafya. Gari lililovimbiwa hukohoa. Hayo nilifundishwa na fundi mmoja mzee pale Singida mjini, aliyejifunza magari jeshini wakati wa vita, na mpaka leo sijasikia mtu aliyesoma akiyasema vizuri kumzidi. Mimi shule nilikaa miaka miwili kwa wamisheni, nikatoka najua kuandika jina langu na kusoma pole pole, basi. Lakini sikio langu lilisoma kwa yule mzee. Alikuwa ananifunga macho kwa kitambaa chake cha grisi, ananiambia, "Sikiliza. Mlio unatoka mbele au nyuma?" Ukitoka mbele, kwenye kabureta, puh, kama mbuzi aliyevuta vumbi, ujue hewa ni nyingi na petroli ni kidogo. Ukitoka nyuma kwenye ekzosi, na moshi mweusi, ujue petroli imezidi. Nikikosea ananipiga kofi la kisogo. Nilikosea mara nyingi.

Nayasema haya mapema ili msije mkadhani nilikuwa sijui. Nilijua. Ndiyo maana habari hii inaniuma mpaka uzeeni.

Wakati huo, Mwingereza bado anatawala, nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Itigi, Mhindi, aliyekuwa ananunua nta kule Rungwa na kuipakia kwenye treni. Kutoka Rungwa mpaka Itigi ni mwendo wa kutwa, kama gari lina afya na mvua haijanyesha. Njia yenyewe mchanga, msitu huku na huku, na mbung'o wanaouma juu ya shati. Utingo nilikuwa naye, mtu mzima kunizidi, lakini safari ile homa ilimshika, nikamwacha Rungwa amejifunika blanketi mbili juani.

Basi, tukiwa tunakwenda, kabla hajaugua, nilikanyaga kisiki kilichojificha kwenye majani, kikalitoboa tangi kwa chini. Tulifika Rungwa petroli inadondoka, utingo akalala chini ya lori akaikinga kwa debe. Sasa, fundi wangu alikuwa na neno lake juu ya tangi lililotoboka. Alisema chukua sabuni ya mche, ikande na maji kidogo mpaka iwe kama ugali mgumu, bandika. Petroli haili sabuni. Nilikwenda dukani kutafuta sabuni. Muuza duka akacheka, akasema sabuni ilikwisha tangu mwezi uliopita, watu wanafua kwa majivu.

Lakini nta ilikuwepo. Rungwa wakati ule nta ilikuwa kama mawe. Watu wa kule, na sisi Wanyaturu pia, kibuyu kikivuja hatukitupi. Unayeyusha nta, unaimimina ndani, unakizungusha mpaka nta imelamba kila upande, kikipoa unatia maziwa au asali, unasahau kwamba kiliwahi kuvuja. Mama yangu alikuwa na kibuyu kilichozibwa hivyo kabla mimi sijazaliwa. Nikasema tangi ni nini kama si kibuyu cha bati?

Nilikwenda nyumbani kwa mrina asali mmoja tuliyezoeana sana. Yeye mtu wa kule kule, mimi Mnyaturu, tulikuwa tunaitana mtani, na utani wetu ulikuwa wa kweli, wa kuchukuliana vitu na kutukanana mbele ya wakwe. Siku hiyo hakuwepo, yuko msituni kwenye mizinga yake. Mkewe akanipa bonge la nta ukubwa wa kichwa cha ndama. Hakuniuliza la nini, nami sikumwambia. Nilikuwa nimelifungua tangi na kuliacha juani mdomo wazi, mpaka harufu imekwisha. Nikayeyusha nta yote, nikamimina, nikazungusha. Lilipopoa nikalifunga, nikatia madebe mawili ya petroli, debe la tatu nikaliacha la akiba. Halikudondosha hata tone. Nikawasha sigara, nikajisifu.

Jioni ile ile walimleta mtani wangu amebebwa kwenye machela ya miti. Alikuwa anashusha mzinga, kamba ikakatika, akaanguka nao. Mguu wa kulia, chini ya goti, mfupa ulikuwa umetokeza nje. Wenzake walikuwa wamemfunga kwa gome la mzinga, lile gome la kuviringishwa wanalowekea nyuki, walilipasua kwa urefu wakaubana mguu ndani yake. Dresa wa pale, mfunga vidonda wa zahanati, alilifungua, akatazama, akanusa, akafunga tena taratibu.

"Huu unataka hospitali kubwa," aliniambia pembeni. "Kesho jioni treni inapita Itigi kwenda Dodoma. Akiipanda, mguu unapona. Akiikosa, ijayo ni siku nne. Mguu huu hautangoja siku nne."

"Nitamfikisha," nikasema.

Alfajiri tulimlaza nyuma, juu ya magunia ya nta, mkewe amekaa kichwani kwake na kibuyu cha maji. Alikuwa na jasho usoni na midomo mikavu, lakini mdomo wenyewe haujalala.

"Mtani, leo umenipakia pamoja na nta. Angalia Mhindi asinitie kwenye mizani."

"Wewe nani atakununua? Umejaa takataka."

"Sawa. Lakini ukinifikisha nimekufa, wewe mtani ndiye utakayenibeba kaburini. Nitakuwa mzito makusudi, nikuvunje mgongo."

Mkewe akamwambia anyamaze, atunze nguvu. Nikavuta hendeli ya kuwashia, injini ikaitika mara moja, tukaondoka.

Mpaka jua lilipopanda kidogo tulikwenda vizuri. Nilikuwa naendesha kama nabeba mayai, nikipita shimo nasikia yule mtu nyuma anauma meno. Halafu kwenye mwinuko mmoja mdogo, si mlima hata kidogo, lori likasita. Likavuta, likasita tena. Linamisi. Nikatega sikio. Puh. Mbele. Puh, puh.

Njaa.

Nilisimama nikafungua boneti. Mtu asiyejua angeanza kugonga gonga. Mimi nilifuata njia ya mzee. Kwanza umeme. Nikachukua bisibisi yenye mpini wa mti, nikagusisha plagi moja moja injini ikiunguruma, nione ni ipi ambayo hata nikiizima injini haijali. Zote nne injini ilizijali, hakuna iliyokufa. Nikazitoa. Ncha zilikuwa nyeupe, kavu, kama mfupa uliokaa juani. Plagi yenye afya ina rangi ya chai ya maziwa. Nyeupe maana yake moto unachoma hewa tupu. Nikazirudisha, nikawasha, lori likapita mwinuko kama hakuna kitu. Nikasema labda ni takataka tu, imepita.

Haikupita. Baada ya maili chache, puh. Nikavuta choki ili kabureta ipunguze hewa na kunyonya petroli zaidi. Injini ikatulia, ikavuta, nikaendelea hivyo choki imevutwa nusu, halafu hata choki haikusaidia. Nikasimama. Nikakaa muda wa kuvuta sigara, nikawasha, ikawaka vizuri kabisa. Maili chache, puh.

Mara ya tatu mkewe akachungulia kwenye kidirisha cha nyuma.

"Dereva, gari lako lina ugonjwa gani? Likipumzika linakimbia. Likikimbia linataka kupumzika."

"Ni petroli, shemeji. Kuna uchafu."

"Nilijua punda ndiye mwenye tabia hiyo."

Kutoka juu ya magunia nikasikia sauti ya mtani wangu, ndogo sasa, imeanza kukauka. "Mtani. Watu walisema ulitoboa tangi."

"Ndiyo."

"Uliziba na nini?"

Hapa ndipo. Nimezunguka kote huko ili nifike hapa, na sasa nimefika sipapendi.

Nilisema, "Sabuni."

Kwa nini nilisema hivyo? Nimelifikiria miaka mingi. Dereva wakati ule alikuwa mtu mkubwa. Nilikuwa na kofia, nilikuwa na miwani ya vumbi, nikifika kijijini wazee wananiletea kigoda. Na yule alikuwa mtani. Ukimpa mtani kitu cha kukuchekea, hakirudishi, atakicheka mpaka kwa wajukuu wako. Nikaona Rungwa nzima inasema, dereva alidhani tangi ni kibuyu. Kichwani nilijiambia haiwezi kuwa nta, tangi halivuji, nta imeshika. Tumboni nilishajua.

Na kwa sababu nilishasema sabuni, ikanibidi nitafute ugonjwa mahali pengine. Nilifungua distributa, ile inayogawa umeme kwa plagi, nikakwangua pointi zake ambazo hazikuwa na kosa. Nilitoa plagi zote nne tena, nikazipiga msasa. Nikafungua pampu ya petroli, nikakuta inasukuma kama kawaida, nikaifunga. Jua likavuka utosi. Yule mama alikuwa anampepea mumewe kwa tawi, na mbung'o walikuwa wanalifuata lile gome la mguuni. Alinitazama mara moja tu, kisha akatazama jua. Afadhali angetukana.

Mwisho nikafungua bakuli la kabureta, kwa sababu hakuna kingine kilichobaki cha kujifanya nakifungua. Chini ya bakuli kulikuwa na ute mzito wa manjano. Jeti, kile kitundu kidogo kinachopitisha petroli, kidogo kama tundu la sindano, kilikuwa kimezibwa na ute huo huo. Nikaupaka kidoleni, nikasimama nautazama kama mjinga.

Sikumsikia yule mama akishuka. Alinishika mkono kwa nguvu, akaufuta ule ute kwa kidole chake, akapanda nao mpaka kwa mumewe. Mimi nilibaki chini. Nikasikia mumewe anatafuna.

"Nta," alisema mtani wangu.

Nikasikia anatema.

"Tena nta ya kwangu. Ina chembe za mkaa. Mke wangu huchuja kwa gunia lililotoboka, nimemwambia mara ngapi." Akavuta pumzi. "Mtani, hii sabuni yako inatengenezwa na nyuki gani?"

Nikapanda, nikasimama mbele yake nimevua kofia. Nikamwambia yote, kibuyu, bonge la nta, kuzungusha. Nilitegemea kicheko. Alifumba macho. Aliyesema alikuwa mkewe.

"Nilikupa mimi kwa mkono wangu. Ungeniambia ni ya tangi ningekwambia petroli inakula nta. Mhindi wako mwenyewe husafisha mikono yake kwa petroli akimaliza kupima."

Ni kweli. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara mia.

"Sikiliza," mtani akasema, macho bado kayafumba. "Nta ikiwa na joto ni maji. Ikifika penye baridi inaganda. Hapo ilipoganda pana baridi?"

Nilikuwa nataka kusema injini haina baridi. Halafu nikakumbuka kabureta. Gari likikimbia, kabureta huwa ya baridi, inatoa jasho kwa nje kama mtungi wa maji, hata jua liwe kali namna gani. Ukisimama, joto la injini linaipanda, inapata moto. Basi ndiyo maana. Tukisimama nta inayeyuka, lori linapona. Tukikimbia inaganda kwenye jeti, lori linapata njaa. Yule mtu aliyelala na mguu uliovunjika, ambaye hajawahi hata kushika usukani, alikuwa ameutaja ugonjwa wa lori langu kwa swali moja.

"Usikwangue," akasema. "Pasha moto, pangusa."

Nilipeleka jeti mbali na lori, nikaipasha kwa kiberiti, nikaipuliza mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Bakuli nikaliosha kwa petroli safi ya debe la akiba. Lakini petroli ya tangini yote ilikuwa imekunywa nta, tungetia hiyo hiyo tungerudia pale pale. Lilibaki debe moja. Nililifunga kwa kamba juu ya paa la kabini, nikaingiza mpira wa kufyonzea, nikaunyonya, nikauteremsha moja kwa moja mpaka kwenye kabureta, ubavu mmoja wa boneti nimeuondoa. Mpira ule haukukaa vizuri. Ulitaka mtu wa kuushika. Ukichomoka, petroli inamwagikia injini ya moto, tunaungua wote pamoja na nta yote ile.

"Nitashika mimi," akasema yule mama. Alijifunga kanga kiunoni, akasimama kwenye kibao cha kukanyagia nje ya mlango, mkono mmoja umeshika nguzo ya kioo, mwingine umeingia kwenye boneti.

"Shemeji, joto litakuunguza."

"Endesha."

Tulikwenda. Injini ilivuta kama siku ilipotoka dukani, haikupiga chafya hata moja, na mimi nilitamani kulia kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Tulipita Mitundu bila kusimama, watu walitoka kumtazama mwanamke aliyening'inia kwenye lori. Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi cha mbung'o, mti umelazwa njiani, na mzee wa serikali mwenye wavu. Sheria ilikuwa kila gari lipekuliwe mbung'o, juu, chini na ndani.

"Shikamoo mzee. Tuna mgonjwa, tunawahi treni."

"Marahaba. Mbung'o hajui treni," akasema, akaanza kuzunguka na wavu wake, gurudumu moja moja. Alipofika nyuma akauona mguu. Alisimama. Akarudi akainua mti mwenyewe.

Jua lilikuwa limeshashuka kwenye vichaka vya Itigi, vile vizito ambavyo huwezi kuona hatua kumi. Yule mama mkono wake ulikuwa umeanza kutoka malengelenge, hakuubadilisha. Nikawa nauliza kila mara, "Debe linasemaje?" naye analigonga kwa kiwiko ananijibu, "Robo." Halafu, "Chini ya robo." Halafu akanionyesha mbele kwa kidevu.

Moshi. Tuliuona juu ya vichaka kabla ya kuziona nyumba. Kisha tukasikia honi ya treni. Nilikanyaga mpaka mwisho, sikujali mashimo tena, na nyuma yule mtu kwa mara ya kwanza siku nzima alipiga kelele. Tulipoingia kwenye uwanja wa stesheni, behewa la mwisho lilikuwa linapita nguzo ya ishara. Mwanamume mmoja dirishani alitupungia mkono. Alidhani tumekuja kumuaga mtu.

Tuliikosa kwa muda wa kunywa kikombe cha uji. Zile plagi nilizozitoa mara ya pili, na zile pointi nilizozikwangua bila kosa, zilikula zaidi ya vikombe vitatu.

Tajiri alikuja mbio, akauliza kwa nini nimechelewa na boneti iko wapi. Nikasema petroli ilikuwa chafu. Mtani wangu alikuwa pale pale kwenye machela, anasikia. Neno moja lake lingetosha, ningefukuzwa jioni ile. Alinitazama, akageuza uso upande wa ukuta. Nilidhani ni huruma. Baadaye sana nilielewa kwamba mtani hagawi na mtu mwingine kicheko kilicho chake.

Siku nne tulimweka kwenye kibanda karibu na stesheni. Nililala mlangoni. Siku ya tatu harufu ilibadilika. Siku ya nne tulimpandisha treni, na Dodoma waliukata mguu juu ya goti. Aliporudi baada ya miezi, mizinga hakupanda tena. Watoto wa kaka yake walipanda, yeye alikaa chini na mkongojo wake, anawaelekeza kwa matusi. Na kila msimu alinitumia bonge la nta, limefungwa kwenye majani, kwa mkono wa yeyote anayekuja Itigi, pamoja na ujumbe ule ule: "Mwambie dereva, sabuni yake hii hapa." Watu walicheka bila kujua wanachekea nini. Nami nilipokea. Ningefanyaje.

Alipokufa nilikuwa nimeshaacha udereva, nina mvi. Nilipanda gari la watu mpaka Rungwa, kwa sababu kumzika mtani ni kazi ya mtani. Nilishika machela upande wa mbele. Desturi ni kwamba mtani hunyanyua, kisha husema neno la kuwachekesha wafiwa. Tukanyanyua. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito, nimekaza mgongo, nikajikuta karibu nianguke nyuma kwa wepesi wake.

Nikasema, "Mtani, umenidanganya. Uliniahidi utakuwa mzito."

Watu wakacheka, kama inavyotakiwa. Mkewe alikuwa amesimama mbele yangu, mkono wake wenye makovu ya moto ameuweka kifuani. Yeye hakucheka. Alinitazama mpaka nikainamisha macho, kisha akageuka, akatangulia njia ya makaburini.